Pedeli za MGB na ile nafasi ndogo ambayo kila mtu anataka kuiondoa

Jamaa yangu mmoja wa Mombasa, tunaishi naye hapa Oxford, alinipigia simu Jumapili jioni sauti imembadilika kabisa. "Kaka, gari inanuka. Nimesimama pembeni, tairi za mbele zinatoa joto huwezi hata kusogeza mkono." Gari yenyewe ni MGB, ile gari ndogo ya michezo ya Kiingereza, ya mwaka 1978, ile ya bampa nyeusi za mpira, ameihangaikia miaka miwili mizima, weekend zake zote zimeishia mle. Nikamuuliza juzi na jana umegusa nini. Akasema hakugusa kitu kikubwa, amerekebisha pedeli ya breki tu, ilikuwa ina plei kidogo akaiondoa.

Nikamwambia usiiwashe, nakuja.

Naandika hii kwa sababu yeye siyo wa kwanza, na siyo mzembe, ni mtu makini sana. Tatizo ni kwamba ushauri wenyewe unazunguka kila mahali, ukienda kwenye mkusanyiko wowote wa magari ya zamani ya Kiingereza utausikia: pedeli iko chini, ipandishe, ina plei, iondoe, klachi haikati vizuri, refusha ile fimbo inayosukumwa na pedeli. Unasikika kama ushauri wa maana kwa sababu kila mtu anapenda pedeli ngumu iliyo juu. Na hizi gari ziko nyingi. MGB ilitengenezwa pale Abingdon, kama kilomita 10 tu kutoka hapa ninapoandikia, kuanzia 1962 hadi kiwanda kilipofungwa 1980, zikatoka zaidi ya laki tano, kwa hiyo wanaozifungua wenyewe nyumbani ni wengi mno na wengi wao hawajawahi kuelezwa pedeli inafanya nini upande wa pili wa ule ukuta wa injini.

Tuanze na maneno kwanza ili twende pamoja. Plei ni ule mwendo mdogo wa mwanzo, unakanyaga, pedeli inasogea, lakini huko mbele hakuna kinachosukumwa bado. Mafundi wa kwetu wanalijua sana neno hili, gurudumu lina plei, usukani una plei, na mara nyingi maana yake kitu kimekwisha. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu kwenye pedeli ya breki ipo plei ya ubovu na ipo plei iliyowekwa na kiwanda makusudi, na mguu peke yake hauwezi kukwambia hii ni ipi.

Pedeli yenyewe ni mtaimbo. Kama umewahi kung'oa jiwe shambani kwa mtaimbo unajua, unashika mbali, unasukuma mwendo mrefu kwa nguvu ndogo, jiwe linasogea kidogo kwa nguvu kubwa. Kwenye MGB pedeli za breki na klachi zinaning'inia kutoka juu kwenye bolti moja, zimefichwa ndani ya kiboksi cha bati kinachotokeza upande wa injini. Mguu uko chini mbali, na karibu na ile bolti kuna pini inayoshika fimbo, na fimbo inasukuma pistoni ndani ya masta silinda. Kwenye gari zenye sevo (kifaa kinachoupunguzia mguu kazi) ya aina ya hii ya jamaa yangu, fimbo inapitia kwenye sevo kwanza halafu ndo inafika masta.

Masta silinda ni bomba la sindano, lile la hospitali. Unasukuma pistoni, oili ya breki inatoka mbele, inapita kwenye paipu nyembamba mpaka kwenye magurudumu, kule inasukuma pistoni nyingine zinazobana breki. Tofauti na sindano ni kwamba juu ya masta kuna kikopo cha oili, na kati ya kikopo na silinda kuna kitundu kidogo sana, kidogo kiasi kwamba uchafu kama punje ya mchanga unaweza kukiziba. Ukiwa hujakanyaga kitu kitundu kiko wazi, oili ya kwenye paipu na ya kwenye kikopo zinawasiliana. Ukianza kukanyaga, pistoni inasogea mbele, inakifunika, na hapo ndipo presha inaanza. Ukiachia, pistoni inarudi nyuma mpaka mwisho, kitundu kinafunguka tena.

Hicho kitundu ndo moyo wa habari yote hii.

Breki zikifanya kazi zinapata joto, na oili ikipata joto inatanuka, hiyo haina mjadala. Kitundu kikiwa wazi oili iliyozidi inapanda kwenye kikopo kimyakimya na wewe hata hujui. Sasa chukua ile plei ndogo, iondoe yote, fimbo iwe inaigusa pistoni muda wote na kuisukuma japo kwa unene wa kucha, pistoni hairudi mpaka mwisho, kitundu kinabaki kimefunikwa. Umekuwa kama mtu aliyebandika maharage, akafunika sufuria, akakandika mfuniko kwa unga pande zote. Mwanzoni hakuna kitu. Unatoka nyumbani, unakanyaga breki mara mbili tatu kwenye mataa, oili inapata joto, inatanuka, haina pa kwenda, inajisukuma yenyewe kwenye breki, breki zinabana wewe hujakanyaga, zikibana zinapata joto zaidi, oili inatanuka zaidi, na duara linaendelea hivyo hivyo mpaka gari inakuwa nzito, inanuka, na mwisho inasimama. Na kuna hatari mbaya zaidi ya kusimama, joto likizidi oili inachemka, inatoa mvuke, na mvuke unabanika kirahisi kama hewa, kwa hiyo siku hiyo hiyo pedeli iliyokuwa ngumu kama jiwe inaweza kwenda mpaka sakafuni bila kitu.

Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa barabara. Hatukusubiri sana. Nilifungua ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye breki moja ya mbele, kitambaa chini, oili ikaruka kama mtu amefungua soda iliyotikiswa, na pale pale gurudumu likaachia. Akaniangalia tu. Kama breki zimekamata na ukifungua ile skrubu zinaachia, basi presha imefungiwa ndani, na sehemu ya kwanza kuangalia ni pedeli na masta, siyo kule kwenye gurudumu. Kama umefungua na bado zimekamata, basi ni pistoni ya breki yenyewe imeshika kutu. Ni jaribio la dakika moja na linakuepusha kununua vitu ambavyo havijaharibika.

Alichokuwa amefanya ni hiki. Kwenye MGB za baadaye ile swichi ya taa za breki imefungwa kwenye kile kiboksi cha pedeli, na mwili wa swichi ndo kizuizi cha pedeli inaporudi. Ukilegeza nati yake ukaizungusha kuingia ndani inaisukuma pedeli mbele, plei inapungua. Kipimo cha kiwanda ni inchi moja ya nane pale unapokanyaga, yani milimita 3 na kitu, karibu unene wa sarafu mbili za kawaida zikiwekwa pamoja. Yeye akaizungusha mpaka plei ikawa sifuri na akaongezea robo mzunguko "iwe na uhakika". Tena hata taa zake za breki zikawa zinachelewa kuwaka, dereva wa nyuma yake alikuwa anapata taarifa pungufu na yeye hajui.

Lakini swali la haki kabisa alilonitupia ni hili: mbona pedeli ilikuwa chini? Maana hakuiota, ilikuwa chini kweli, ilikuwa inakwenda zaidi ya nusu ya safari ndo inashika. Na hapa ndo nataka tukae kidogo kwa sababu jibu liko nyuma ya gari, mbali kabisa na mguu.

MGB ina diski mbele na drami nyuma. Diski zinajirekebisha zenyewe, pedi zikilika pistoni inasogea na kubaki pale pale karibu. Drami za nyuma hazifanyi hivyo. Zile shuu, yani vile vipande vilivyopinda vinavyoisugua drami kwa ndani, zikilika nafasi kati yake na drami inaongezeka, na kila ukikanyaga lazima kwanza oili ijaze ile safari ya bure ndo shuu ziguse. Hiyo oili yote inatoka kwenye masta, kwa hiyo mguu unakwenda chini. Ni sawa na kuchota maji kwa kamba kwenye kisima ambacho maji yameshuka, huwezi kurefusha mkono, inabidi uangalie maji yako wapi.

Namna ya kujua ni rahisi mno na haihitaji spana. Kaa kwenye gari imesimama sehemu tambarare, kanyaga breki ujue inashikia wapi. Kisha vuta hendibreki vizuri, kanyaga tena. Hendibreki inazisukuma zile shuu za nyuma karibu na drami, kwa hiyo kama sasa pedeli imeshika juu zaidi kuliko mwanzo, umeshapata jibu, drami zako zinataka kurekebishwa na pedeli haina kosa. Kama haijabadilika, endelea kutafuta. Ukikanyaga mara mbili tatu harakaharaka inapanda na kuwa ngumu, ni shuu zile zile au kuna upepo ndani. Ikiwa laini kama unakanyaga sponji, upepo, au hosipaipu za mpira zimezeeka zinavimba. Ikiwa inashika vizuri lakini ukiendelea kuikandamiza inazama taratibu, taratibu, mpaka chini, hapo acha gari, mpira wa ndani ya masta umekwisha au kuna mahali panavuja. Hiyo ya mwisho usiipe nafasi ya "nitaangalia wiki ijayo".

Kurekebisha drami za MGB: jeki, stendi imara, vizuizi kwenye tairi za mbele, hendibreki imeachiwa kabisa. Nyuma ya kila gurudumu, kwenye lile bati la nyuma, kuna kichwa kidogo cha mraba kimetokeza, kimoja kila upande. Unakizungusha kufuata saa mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, halafu unarudisha kidogo kidogo mpaka linazunguka huru. Wakati unazungusha utausikia mkononi kama unapita kwenye vijingazi, kinakaza kinaachia, kinakaza kinaachia, ndivyo kilivyotengenezwa. Ombi langu moja: usitumie spana ya kawaida wala koleo. Kile kichwa ni kidogo, mara nyingi kimeganda kwa kutu ya miaka, na kona zake zikishalika umejitafutia siku nzima ya kazi. Ipo spana ya mraba ya breki, bei yake ni ndogo, na mafuta ya kulainisha kutu upulize usiku mmoja kabla.

Baada ya hapo ndo unarudi mbele kuangalia pedeli, na mara nyingi utakuta haihitaji kitu.

Sasa klachi, ambayo nayo ina hadithi yake na uongo wake.

Malalamiko yanakuja hivi: gia zinakwaruza, hasa kurudi nyuma na gia ya kwanza, basi giaboksi imekufa. MGB za kabla ya mwisho wa 1967 gia ya kwanza haina sinkro kabisa, yani hakuna kile kifaa cha ndani kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwa hiyo klachi isipokata vizuri hata kidogo utaisikia pale pale. Rivasi haina sinkro kwenye zote. Nimeshaona mtu ameshusha giaboksi, kazi ambayo kwenye gari hii inatoka pamoja na injini, akakuta ndani ni nzima kabisa, kumbe ubovu ulikuwa kwenye pini ya ukubwa wa kidole cha mtoto.

Ile pini inayounganisha pedeli na fimbo ya masta ya klachi ina unene wa inchi 5/16, karibu milimita 8. Inapita kwenye tundu la pedeli na kwenye uma wa fimbo. Miaka hamsini ya kukanyagwa pini inalika upande mmoja na tundu la pedeli linakuwa yai. Fungua lile bati la juu la kiboksi cha pedeli upande wa injini, skrubu kadhaa tu, halafu chomoa kota pini (kile kiwaya kilichokunjwa kinachoizuia isitoke), toa ile pini, ipanguse, pitisha ukucha juu yake. Kama ukucha unadondokea kwenye ngazi, imekwisha. Ya jamaa yangu ilikuwa na shingo, yani katikati imelika kiasi kwamba ilifanana na mfupa wa kuku uliotafunwa.

Fanya hesabu uone ubaya wake. Chukulia mtaimbo wa pedeli ni tano kwa moja, mguu ukienda milimita 5 pini inakwenda 1. Pini imelika milimita 1, tundu limepanuka milimita 1, jumla 2 zimepotea. Kwenye mguu wako hizo ni milimita 10, sentimita nzima ya safari inaliwa kabla pistoni haijasogea hata kidogo. Na klachi haina safari ya kuchezea, kule chini fimbo ya silinda ndogo iliyoko kwenye giaboksi inatakiwa isogee kama nusu inchi hivi ili sahani ya klachi iachie sawasawa. Mwombe mtu akanyage mpaka mwisho, wewe ukiwa chini na tochi na rula, upime. Ikiwa pungufu sana, rudi nyuma hatua kwa hatua: pini ya juu, pini ya chini, upepo kwenye oili, hosipaipu, masta.

Uongo mkubwa kwenye klachi ni kwamba kuna mahali pa kuirekebisha. Watu wanaitafuta ile nati usiku kucha. Kwenye MGB haipo, klachi ya haidroliki ya namna hii inajirekebisha yenyewe kadiri sahani inavyolika, na hapo ndipo wengine wanatengeneza fimbo ndefu zaidi "kurudisha safari". Tafadhali usifanye. Riliz beringi ya hii gari, yani ile inayosukuma klachi iachie ukikanyaga, siyo ya gololi, ni pete ya kaboni iliyobanwa kwenye kikombe cha chuma, inafanya kazi kwa kusuguana. Ukirefusha fimbo mpaka silinda inakosa pa kurudi, ile kaboni inasuguliwa muda wote unaendesha, inaisha kama chaki ubaoni, na kuibadilisha lazima injini itoke. Ndo maana pia hupaswi kupumzisha mguu juu ya klachi ukiwa kwenye foleni, hata kama hujakandamiza. Toa mguu, weka gia huru, subiri.

Kitu kingine cha kugusa kabla ya spana: weka vidole juu kabisa ya pedeli, pale inapoingia kwenye kiboksi. Kukiwa na unyevu wa mafutamafuta, masta inavuja, oili inateremka na pedeli mpaka kwenye kapeti. Itakula rangi pia, oili ya breki inabandua rangi ya gari kama maji ya moto yanavyobandua ngozi ya nyanya, kwa hiyo ukimwaga kidogo popote suuza na maji mengi mara moja.

Pedeli ya mafuta haina mengi. Ni kebo, inatoka kwenye pedeli inakwenda kwenye kabureta mbili za SU. Inataka watu wawili, mmoja anakanyaga mpaka mwisho injini ikiwa imezimwa, mwingine anaangalia kama zile kabureta zimefunguka mpaka mwisho. Zikifika mwisho na pedeli bado inataka kwenda, siku moja kebo itakatika, kwa hiyo kizuizi cha pedeli kisimamishe mguu kabla kebo haijabeba mzigo. Na mguu ukitoka kebo ilegee kidogo sana, ikikaza muda wote injini haitulii chini.

Kuna jambo linalopuuzwa mno na linanisikitisha kwa sababu halina gharama, nalo ni sakafu. Watu wanaweka kapeti mpya, chini yake wanaweka tabaka nene la kuzuia kelele, juu yake mkeka wa mpira, na ghafla klachi haikati. Umeweka sentimita mbili chini ya pedeli ambayo ilikuwa inahitaji kila milimita! Kabla ya kulaumu haidroliki nyanyua mikeka yote, kanyaga, sikiliza kama tofauti ipo. Angalia pia zile raba za juu ya pedeli, zikilika mpaka chuma kinang'aa mguu unateleza siku ya mvua, na raba mpya ni kitu cha bei ya chakula cha mchana.

Wenye miguu mirefu nao wana kesi yao, na siyo wao wa kwanza. Jaguar E-Type ilipotoka 1961 sakafu yake ilikuwa bapa, miguu ikawa haina pa kukaa, na mwanzoni mwa 1962 kiwanda kikabonyeza sakafu kuwapa watu nafasi ya visigino. Yani hata Jaguar walikubali kwamba dereva haenei, wakabadilisha bati, hawakubadilisha plei ya breki. Kwa hiyo kama magoti yanagonga usukani, sogeza reli za kiti nyuma, punguza unene wa sponji ya kiti, badilisha usukani uwe mdogo kidogo. Hivyo vyote ni salama. Kukunja mkono wa pedeli kwa kuupasha moto ni kitu ambacho mimi siwezi kumshauri mtu yeyote, chuma kikishapashwa moto ovyo hujui tena nguvu yake imebaki kiasi gani, na hiyo ndo breki yako.

Wapo wanaotaka pedeli zikae sawa kwa ajili ya ule mtindo wa kukanyaga breki kwa mbele ya mguu na kugusa mafuta kwa ubavu wa mguu huo huo wakati wa kushusha gia, ili injini ipande mwendo kidogo na gia iingie laini. Ni mtindo mzuri, mimi naupenda, lakini wanapima vibaya. Wanalinganisha pedeli zikiwa zimetulia. Pima breki ikiwa imekanyagwa kwa nguvu ile unayotumia barabarani, hapo ndipo iwe sawa na ya mafuta au juu kidogo tu. Na kinachosogezwa ni ya mafuta, ya breki unaiacha. (Na ukipewa kujaribu Bentley ya miaka ya 1920 uliza kwanza, zile nyingi mafuta yako katikati na breki iko kulia, mazoea ya mguu wako yanaweza kukuua.)

Nigusie oili na sevo haraka kwa sababu naulizwa kila mara. DOT ni daraja za oili ya breki, na DOT 4 ya kawaida inatosha kabisa. Inanyonya unyevu wa hewani, ikiwa mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230, ikishanyonya maji kinashuka mpaka 155, kwa hiyo ibadilishe kila baada ya miaka miwili hata kama gari inalala gereji, na hasa kama inalala gereji. DOT 5 ni ya silikoni, hainyonyi maji na haiharibu rangi, lakini haichanganywi na nyingine hata tone, na inabanika kidogo zaidi, kwa hiyo aliyekwambia itafanya pedeli iwe ngumu amekudanganya. DOT 5.1 jina linafanana lakini ni jamii ya DOT 4, siyo silikoni. Majina haya yamewaponza wengi. Sevo nayo inapunguza tu nguvu ambayo mguu unatakiwa kutumia, tairi na barabara ndo zinaamua utasimama wapi, na ukifunga sevo juu ya drami ambazo hazijarekebishwa pedeli itabaki chini vilevile.

Kwa nini nalichukulia hili kwa uzito? Hapa Uingereza, tangu tarehe 20 Mei 2018, gari iliyopita miaka 40 na isiyobadilishwa kimsingi hailazimiki tena kupelekwa ukaguzi wa kila mwaka wa MOT. Sheria bado inamtaka mwenyewe aiweke katika hali salama, lakini hakuna mtu wa tatu anayeiweka kwenye mashine kupima breki. MGB ya jamaa yangu imeshapita umri huo. Mkaguzi pekee aliyebaki ni yeye na mguu wake, na mguu nimeshasema haujui kutofautisha plei ya ubovu na plei ya kiwanda. Naamini hata wenzetu wanaotunza MG kule Nairobi, zile zinazotoka kung'aa siku ya Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, wako katika hali hiyo hiyo, gari inaangaliwa rangi na viti, ni nani anayelala chini kuangalia kile kichwa cha mraba?

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwake tangu saa tatu asubuhi. Mke wake alituletea chai ya maziwa na mahamri pale pale gereji, mikono myeusi. Tulianza nyuma. Drami ya kushoto ilichukua mizunguko mingi mpaka shuu zikagusa, ya kulia kichwa kilikuwa kimeganda, tukakibembeleza mpaka kikakubali. Akakaa kwenye kiti akakanyaga, akanyamaza, akakanyaga tena. Pedeli ilikuwa imepanda yenyewe, na hatujagusa kitu chochote mbele. Ndipo tukairudisha swichi nyuma, tukapima plei ya milimita 3 pale inapokanyagwa, tukakaza nati, tukaangalia taa zinawaka kwenye ukuta wa nyuma. Pini mpya ya klachi, kota pini mpya, tundu la pedeli akalipeleka kujazwa na kutobolewa upya na mtu wa mashine, hiyo ilichukua siku nne zaidi.

Gari ikarudi kwenye barabara, tukazunguka mpaka Abingdon na kurudi, tukisimama kila baada ya muda kidogo kupeleka mkono karibu na magurudumu. Vuguvugu tu. Tulipofika nyumbani akainyanyua mbele kwa jeki, akasukuma tairi kwa kidole kimoja, ikazunguka taratibu na pedi zikinong'ona kwenye diski, akasimama kuiangalia mpaka ilipotulia yenyewe.